Darasa Kando ya Cherehani

Mwaka wa 2003, ilipotangazwa kwamba shule ya msingi ni bure, sidhani kama kulikuwa na mtu katika mtaa mzima wa Tuwan, pale Kitale, aliyefurahi kumshinda Waruguru. Alikuwa fundi wa nguo. Kibanda chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga, na mlango wake uliangalia barabara ya vumbi. Januari ile alishona yunifomu mpaka kidole kikaota sugu. Kati ya hizo zote, moja hakuiuza: rinda la buluu la binti yake Nakhungu, aliyekuwa na miaka saba na hamu ya shule isiyo na mfano.

Waruguru mwenyewe aliishia kidato cha pili, na jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Mumewe, Wekoye, alikuwa Mbukusu kutoka Bungoma, msimamizi wa wapakiaji katika bohari la mahindi. Alikuwa mtu wa maneno machache, nadhifu, shati limepigwa pasi, gazeti la Jumapili chini ya kwapa. Barua ikija nyumbani, alimsukumia mkewe. "Soma wewe, Mama Nakhungu. Macho yangu yameisha na vumbi ya mahindi." Naye Waruguru alisoma, akijisikia wa maana.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Kila jioni Nakhungu alisimama kando ya cherehani akamsomea mama yake kitabu cha shule, sauti imenyooka, bila kukwama. Wateja walimsifu. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la pili, Jerono, alipomwita Waruguru shuleni mwezi wa tano mwaka uliofuata, alienda akidhani anaenda kupongezwa.

"Mama Nakhungu, nisikudanganye," alisema Jerono. Alikuwa mwanamke mpole aliyechoka hadi kwenye mifupa. "Huyu mtoto hajui kusoma."

"Si ananisomea kila siku?"

Jerono alifungua kitabu kile kile katikati, akaifunika picha kwa kiganja. "Somea mama."

Nakhungu alivuta pumzi akasoma vizuri sana habari za jogoo na mkulima. Waruguru aliinama kutazama. Ukurasa ule ulihusu watoto waliokwenda kuteka maji. Hapakuwa na jogoo wala mkulima.

"Anashika kila kitu kwa masikio," Jerono alisema. "Ni mwerevu kuliko wengi. Lakini niko na watoto tisini na wanne kwa hii darasa moja. Nikiketi na wako, hao wengine nitaachia nani?"

Uamuzi wa mwalimu mkuu ukawa kwamba arudishwe nasari. Nakhungu, mrefu kama mwanzi, aliketishwa kwenye viti vya watoto wa miaka minne, magoti yakimfika kifuani. Wenzake wa zamani walichungulia dirishani wakamwita Shosho Nasari, bibi kizee wa chekechea. Siku ya nne alirudi nyumbani rinda limelowa, na haikuwa mvua. Waruguru alilivua, akalifua, akalianika, wala hakumvisha tena. "Nitamfundisha mwenyewe," alimwambia mumewe.

Wekoye aliendelea kula. "Wewe ni fundi, si mwalimu," alisema baadaye. "Kama kichwa ni ngumu, ni ngumu tu."

Ningependa kusema kwamba mama alikuwa mwalimu mwema tangu siku ya kwanza. Hakuwa. Miezi ile ya mwanzo Waruguru aliamini kabisa kwamba mtoto wake ni mvivu, na kwamba uvivu dawa yake inajulikana. Saa saba mchana, wateja wakipungua, alimketisha kwenye kigoda na ubao mdogo, akashika rula ya mbao aliyopimia vitambaa. Herufi aliyoijua asubuhi, mchana hakuijua. Neno alilolisoma juu ya ukurasa, chini ya ukurasa lilikuwa geni. Rula ilishuka kwenye vidole. Siku moja ilishuka vibaya, na kidole cha kati kikavimba kama ndizi ya sukari.

Hapo ndipo Nakhungu alipolia kwa sauti, na katikati ya kilio akauliza, "Mama, kiatu ukigeuza si bado ni kiatu? Kikombe ukigeuza ni kikombe. Sasa hii," akagusa herufi b, "mbona nikigeuza mnasema ni ingine?"

Waruguru alibaki na rula hewani. Alimtazama mtoto, akautazama ubao: b, d, p. Mtu aliyeshinda siku nzima akigeuza nguo nje ndani hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mtoto hakuwa anakataa kuona. Alikuwa anaona jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Waruguru aliiweka rula chini, akamkanda kidole kwa maji ya chumvi.

Kuanzia hapo darasa lilibadilika. Alichukua mabaki ya kitambaa kizito cha suruali, kile chenye mistari inayokwaruza, akakata herufi kubwa kama kiganja, akazishonea kwenye vipande vya turubai. Nakhungu alifumba macho akazipitishia kidole huku akitamka. Tumbo la b mama alilishonea kifungo kikubwa, la d kidogo, mpaka mkono ukajua kile ambacho jicho lilikuwa likichanganya. Herufi moja iliwachukua juma zima, nyingine majuma matatu. Zilikuwepo siku za kurudi nyuma, siku za kuutupa ubao uani, siku ambazo mama na mtoto walinuniana mpaka jioni. Wateja walicheka. Fadumo, mke wa Osman aliyeuza vyombo karibu na msikiti, alikuja kupunguziwa buibui, akawaangalia kitambo, akasema tu, "Mungu akupe subira, mama." Ndiye pekee aliyesema neno jema.

Mnamo Novemba 2005, duka la upande wa pili wa barabara lilipakwa rangi upya. Mchoraji hata hajashuka ngazi, Nakhungu akasimama mlangoni, kidole kikitembea hewani. "Mmm... mka... te." Kisha akapiga kelele: "Mama! Wameandika mkate!"

Hakuna aliyemwambia. Hapakuwa na picha. Waruguru aliacha cherehani ikijizungusha, akamkumbatia mtoto wa miaka kumi kama aliyemzaa siku ile.

Jioni Wekoye aliporudi, Nakhungu hakumpa nafasi hata ya kuvua viatu. Alimvutia gazeti lake, akatafuta neno fupi, akalipata. "Ma... ji. Maji! Baba, si hapa ni maji? Na hii ingine ni nini, Baba? Nisomee hii."

Wekoye alilichukua gazeti, akalikunja mara nne, akalikalia. "Wacha kelele. Nimetoka kazi."

Waruguru aliona. Alidhani ni uchovu.

Majuma mawili baadaye alikuja naibu wa chifu na daftari lake. Alikuwa amesikia kuna mtoto anayezuiwa nyumbani. Sheria inasema kila mtoto awe shuleni, na mzazi anayekaidi anaweza kujikuta mahakamani. Waruguru alimwonyesha herufi zake za kitambaa. Yule bwana alizishika kwa ncha za vidole, akamrudishia. "Hii ni mchezo, mama."

Wekoye akapata la kusema. Dada yake Simali aliishi Bungoma, upande wa Kibabii, na huko, alisema, kuna shule yenye darasa la watoto wa aina hiyo, na walimu waliosomea. Nakhungu angekaa na senge yake, kama Wabukusu wanavyomwita shangazi. Waruguru aliomba mwaka mmoja tu, kisha akaomba muhula mmoja. Lakini neno mahakama lilikuwa limeshaingia nyumbani, na mumewe alijua kulitumia. Januari mtoto alienda. Herufi za kitambaa ziliwekwa kwenye begi, chini ya sweta.

Pasaka hakuja, ati kuna masomo ya likizo. Agosti hakuja, ati shule yao ina mashindano. Kila mwezi Wekoye alienda Bungoma na kurudi na habari njema: mtoto amenenepa, mtoto anasoma sasa kama maji. Novemba Waruguru alifunga kibanda, hakumwambia mtu, akaenda mwenyewe.

Simali alikuwa na hoteli ndogo karibu na soko la Bungoma, meza nne na benchi. Waruguru alimkuta Nakhungu nyuma, mikono ndani ya karai la vyombo, ngozi ya vidole imekunjamana na kuwa nyeupe. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

"Mami, leo hakuna shule?" Waruguru alimwuliza bintiye.

Nakhungu aliangalia povu. "Nilienda muhula moja. Ile darasa ilikuwa ya watoto hawasikii. Wanaongea na mikono. Mwalimu aliniambia nikae nyuma. Halafu senge akasema basi."

Waruguru alimshika mkono akampeleka mbele, ukutani palipoandikwa vyakula kwa chaki. "Nisomee hapo."

Nakhungu alisoma bila kukwama: chapati, maharagwe, matumbo, ugali, chai. Kila mteja alisomewa hivyo hivyo.

"Matumbo iko wapi? Nionyeshe na kidole."

Kidole kilipanda, kikasita, kikatua kwenye chai.

Simali alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Mulamwa, usimtese mtoto," alimwambia wifi yake. "Mimi namlisha, namvalisha, hapa hakuna mtu anamtusi. Kitabu ndiyo nini? Ama unadhani kaka yangu anasoma?"

"Kaka yako yupi?"

"Si bwana yako!" Simali alicheka, kisha akaona uso wa Waruguru na kicheko kikafa. "Hujui? Ati miaka yote hiyo hujui? Wekoye hawezi soma hata jina lake. Baba alimchapa na fimbo ya ng'ombe mpaka akatoroka darasa la tatu. Sisi wote tulimfichia. Na si alioa? Si ako na kazi? Huyu pia ataishi."

Waruguru alikaa kwenye benchi. Miaka kumi na miwili ya ndoa ilimpita mbele: barua alizosukumiwa, fomu za kanisa, gazeti chini ya kwapa. Mteja mmoja aliitisha chai na Nakhungu akaenda kumletea.

Alirudi na mtoto Kitale siku ile ile. Wekoye alipoingia na kuwaona wawili, alijua kabla ya kuambiwa. Alivua kofia, akaketi.

"Ulijua ana shida gani?" Waruguru aliuliza.

"Nilijua siku ya kwanza. Alishika kitabu vile mimi nilikuwa nashika."

"Na ukaniacha nimpige."

"Ningesema nini? Ati amerithi kwangu?"

"Ungesema hivyo hivyo. Maneno mawili! Na naibu wa chifu, nani alimwita?"

Wekoye aliikunja kofia mikononi. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo, ya mtu ambaye mkewe hakuwa amewahi kukutana naye. "Kila jioni narudi hapa nasikia ba, be, bi. Siku ile alinisomea gazeti yangu. Mtoto wa miaka kumi, Mama Nakhungu. Akaniuliza neno na mimi sikujua. Angeniuliza tena kesho. Angejua."

Waruguru alihamisha godoro lake chumba cha mbele, akalala kati ya vitambaa. Wakaendelea kuishi nyumba moja, akimpikia, akimfulia, na barua zilipokuja aliziweka mezani zimefungwa, zikakaa hapo mpaka zikashika vumbi. Ulikuwa ukatili na alijua ni ukatili.

Darasa alijaribu kulianza upya. Nakhungu aliketi kwenye kigoda kwa heshima, akapitisha kidole pale alipoambiwa, lakini mawazo yalikuwa mbali. Kile walichokijenga kwa mwaka na nusu kilikuwa kimebomoka, na mtoto hakuwa na hamu ya kuanza tena na msingi. Mwezi wa tatu aliweka ubao chini taratibu.

"Mama, nataka kurudi kwa senge."

"Kuosha vyombo?"

"Huko najua kazi. Senge ananisifu. Hapa kila siku nashindwa." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Waruguru kuliko yote.

Alirudi Bungoma, akiwa na miaka kumi na mmoja na kitu.

Mwaka wa 2008 Fadumo alikuja kibandani akimshika mkono binti yake wa miaka minane, Nasro, ambaye alishindwa kusoma kule shuleni vile vile. Waruguru alikataa. Fadumo akaja tena, na tena. Mwishowe alikubali, akakata herufi mpya. Sasa alikuwa mwalimu kweli: hakupandisha sauti, alijua wapi pa kungoja, alijua siku ya kurudi nyuma si siku ya kufa. Nasro alisoma baada ya miezi tisa. Watu wa msikitini walianza kusema kuna mwanamke Mkikuyu mwenye mkono wa baraka, na wawili wengine wakaletwa. Kila mtoto aliyeng'amua neno alimchoma Waruguru mahali asipoweza kumwonyesha mtu.

Agosti 2009 Nakhungu alikuja kuwasalimia. Alikuwa amekua, kifua kimejaa, kitambaa kichwani kama mwanamke wa hoteli. Alikuta Nasro kwenye kigoda na kitabu cha hadithi. Akavuta mfuko wa viazi, akaanza kumenya kwa kasi ya ajabu, maganda membamba kama karatasi.

Nasro alikwama kwenye neno. Waruguru alikuwa anaunganisha mkono wa koti, mdomo umejaa pini. Mtoto akageuka upande wa pili, akamnyoshea Nakhungu kitabu bila wazo lolote baya. "Dada, hapa wamesema nini?"

Kisu kilisimama. Nakhungu aliutazama ukurasa kwa muda unaotosha mtu kusema sala fupi.

"Uliza mama," akasema, na kuchukua kiazi kingine.

Waruguru alitema pini kiganjani, akainama juu ya kitabu, akamwambia Nasro lile neno. Lilikuwa "shangazi". Siku ya tatu Nakhungu aliaga. Baba yake alimpa mkono, mama alimsindikiza mpaka stendi, na wakiwa wanangoja gari walizungumza juu ya bei ya viazi.