Nyama Isiyopita Motoni

Mvua ikiishambulia barabara ya Masisi kwenda Goma, maziwa hayangoji barabara ipone. Msimu uliopita Adelaïde Mukabaranga aliyamwaga kando ya njia, dumu kwa dumu, huku wapita njia wakimpa pole, na wengine ushauri, ambao kule milimani hupatikana bure. Tangu hapo alitafuta kitu cha ng'ombe kinachoweza kulala njiani bila kuharibika.

Alikipata Goma. Joséphine-Marie, mwenye duka la vyakula vya mbwa, alimweleza kwamba mbwa wa nyumba zenye ukuta siku hizi hutafuna kano, masikio na mapafu ya ng'ombe, yaliyokaushwa kwa upepo mtupu. Bila moshi, bila chumvi, bila mafuta.

"Iwe naturel kabisa, Mama. Imbwa za hapa zinaonaka daktari kuliko sisi."

Mzigo wa kwanza ukiwa mzuri, Joséphine-Marie angeendelea kuchukua kwa Adelaïde. Usipokuwa mzuri, kulikuwa na mzee mmoja wa Bweremana, aliyemwita papa kwa heshima, mwenye samaki wadogo waliokauka juani.

Adelaïde alikuwa na chumba cha kukomazia jibini: mbao, mianya, na upepo wa kilima unaoingia bila kubisha hodi. Alining'iniza vipande humo, akaenda kukamua. Aliporudi havikuwepo. Vilikuwa juu ya jiko la mama mkwe wake, Nyiramana, vyeusi, vinanuka kuni.

"Pole, Mama Gisubizo," alisema Nyiramana, akimwita kwa jina la mtoto wake kama heshima inavyotaka. "Nimeona nyama iko peke yake, bila moto. Nikasema, labda kuni zimekuishia na unaona haya kuomba."

Mke wa mtoto hampandishii mama mkwe sauti. Adelaïde alishukuru. Kisha akaeleza polepole: nyama ni ya mbwa. Mbwa wa Goma. Hawataki moshi.

"Ya imbwa," Nyiramana alirudia.

"Ndiyo, Mama."

"Sawa. Moto sitagusa tena."

Akatimiza ahadi. Vipande vipya vilining'inia hadi vikawa vigumu kama mkanda wa suruali. Kila asubuhi Adelaïde alivinusa, na havikunuka kitu. Siku ya kupeleka, Darius wa pikipiki akiwa tayari uani na kamba mkononi, alifungua mlango akakuta vipande vinang'aa. Akagusa kimoja, akalamba kidole. Chumvi. Na mafuta ya ng'ombe, yale mazuri yanayowekewa wageni.

"Mama!"

"Moto sikugusa."

"Lakini nilisema iko ya imbwa!"

"Ulisema." Nyiramana alicheka kwa huruma. "Mutoto yangu, nani atapitisha nyama ya ng'ombe kwa matope ile yote, na huyu Darius anaangukaka, sababu ya imbwa? Nilijua iko ya shangazi zako wa Goma. Unaficha ili tusiseme unalisha kwenu. Nikasema basi, wasile kavu. Watasema nyumba ya mwanangu haina chumvi."

"Mimi siangukake," alisema Darius. "Naterezaka tu."

Adelaïde alitafuta neno ambalo mtu anaweza kumwambia mama mkwe na bado akalala nyumba ile ile. Alipangusa kipande kwa kitambaa. Mafuta yakazidi kuingia ndani. Kuosha kungekuwa kuanza upya, na mteja alingoja leo. Akaenda kupiga simu nyuma ya zizi.

"Iko na nini?" aliuliza Joséphine-Marie.

"Chumvi. Na mafuta kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Adelaïde alikitazama kipande alichoshika. Kilimng'aria usoni.

"Ya wageni," alisema.

"Haya, Mama. Wacha nichukue samaki za ule papa wa Bweremana. Yeye hajaweka kitu." Simu ikakatika, na safari hii si kwa sababu ya rezo, mtandao unaopotea milimani.

Aliporudi kutoka nyuma ya zizi, Darius alikuwa anakunja kamba zake, shavu moja limevimba, anatafuna. Nyiramana alikuwa bado mlangoni, mikono imekunjwa.

"Shangazi amesema nini? Chumvi?"

"Amesema imetosha, Mama."

"Na mafuta?"

"Mafuta pia."

"Njo vile, ndivyo inatakiwa," alisema Nyiramana. "Ukikausha ingine uniite mapema. Peke yako utachoka."