Pistoni ya Mfano ya Fundi Kiogora

Mugendi, mkata miti, ana sharti moja ambalo hajadiliani na fundi yeyote: aliyefungua injini ya msumeno ndiye atakayeshika kamba ya mti wa kwanza baada ya matengenezo. Haombi risiti wala kiapo. Akiinama chini ya mti na pawasoo, kama watu wa Meru wanavyouita msumeno wa injini, anataka aliyemwekea pistoni awe kwenye ncha ya kamba akimtazama. Asiposhika, Mugendi hakati.

Kiogora, mwenye kibanda cha ufundi pale Makutano, amemshikia kamba hiyo mara nyingi na hakuwahi kuogopa. Utulivu wake ulitokana na pistoni moja iliyoning'inia kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi. Feki zimejaa madukani, nyingine katika boksi zuri kuliko la orijino, na Kiogora hasomi boksi. Misumeno ya huko karibu yote ni ya aina moja, na kila pistoni mpya aliilinganisha na ile ya msumari: uzito kwenye mizani ndogo ya jikoni, upana wa mfereji wa ringi, mahali ilipo pini inayozuia ringi isizunguke, na mwisho maandishi yaliyo ndani, chini ya kichwa. Isiyolingana ilirudi kwa muuzaji siku hiyohiyo. Ile ya mfano aliitoa miaka kumi na minne iliyopita katika msumeno wa mtu aliyeapa kwamba haujawahi kufunguliwa. Kiogora alimwamini.

Pistoni mbovu huweza kufanya kazi wiki nzima bila kulalamika. Shida huja ikipata joto kali, ikapanuka kuliko silinda inavyoruhusu, ikang'ang'ania, na injini ikazima ghafla. Ikitokea wakati wa kupasua gogo lililolala, mwenye msumeno amepata hasara. Ikitokea wakati mti umekatwa zaidi ya nusu, bapa la msumeno hubanwa ndani ya mti, shina hubaki limeshikiliwa na unene wa kiganja, na hakuna ajuaye litaanguka upande gani.

Jumanne hiyo walikuwa Kaaga, nyumbani kwa Regina, mwalimu mstaafu. Mkaratusi wake ulikuwa umeinamia jikoni, na kati ya shina na ukuta wa jiko palikuwa na nafasi ya hatua mbili. Katika nafasi hiyo ndipo Mugendi angesimama wakati wa mkato wa mwisho. Kamba ilifungwa juu, ikavutwa hadi mwisho wa shamba, ikazungushwa kwenye mti wa makadamia, na ncha yake akapewa Kiogora ili auvute mti mbali na nyumba.

Saa nne Mugendi alikuwa amemaliza kukata mdomo, lile pengo la upande ambao mti unatakiwa kuangukia. Alizima mashine aongeze petroli na kunywa chai. Kiogora, kwa kukosa la kufanya, alitoa mfukoni pistoni kuukuu aliyoitoa jana yake katika mashine hiyohiyo. Alikuwa ameibeba amwonyeshe Mugendi ilivyochubuka. Akaanza kuipangusa masizi kwa kitambaa chenye petroli.

Mugendi alinunua msumeno huo mpya miaka mitatu iliyopita, na rangi ya kiwandani kwenye bolti zake haikuwa imeguswa mpaka Kiogora alipozifungua. Hakuwa na shaka kwamba pistoni aliyoishika ilitoka kiwandani. Ndani, chini ya kichwa, masizi yalipotoka, maandishi yalijitokeza. Yalikuwa yameinuka, yamezaliwa pamoja na chuma. Kiogora aliyapapasa kwa ukucha mara tatu. Kwenye pistoni ya msumari maandishi yalikuwa yamezama, yamegongwa kwa nyundo. Na kwenye ile aliyoifunga jana yalikuwa yamezama vilevile.

Misumeno mingi iliyomfikia ilikuwa imeshapitia kwa mafundi wengine, na pistoni zilizokufa alizitupa nyeusi hivyohivyo kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nani husafisha kitu kilichokufa? Ikiwa mfano ulikuwa feki, basi kwa miaka kumi na minne alikuwa akichagua feki kwa uangalifu mkubwa, na labda kurudisha zilizo halali.

"Fundi, shika kamba," Mugendi alisema akivaa glavu. "Upepo ukikuja hii mti haitatungoja."

Kiogora hakusogea. "Mugendi, hiyo pistoni sijui kama ni orijino."

"Jana ulisema nini?"

"Nilisema ni orijino."

"Sasa usiku imegeuka?"

Kiogora alimpa ile kuukuu na kumweleza. Mugendi aliigeuza mkononi, akaangalia maandishi, akaangalia mti.

"Kwa hivyo mti wangu uko nusu na mashine haifai?" Regina aliuliza kutoka mlangoni.

"Sisemi haifai, mwalimu. Nasema sijui."

"Mtoto akinijibu hivyo nilikuwa nampa sifuri."

"Nipe, mwalimu. Ni haki yangu."

Mugendi hakucheka. Alibeba msumeno hadi kwenye gogo lililokuwa limelala kando ya ua, akauwasha, akaupa moto wote, kasi ya mwisho. Alikata kipande baada ya kipande kwa dakika ishirini na tano. Kiogora alisimama karibu, akisubiri mngurumo ukatike, na alijishangaa kwa kuuombea ukatike, kwani angalau angejua. Haukukatika. Moshi ulikuwa safi na sauti ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umesikia? Inaimba kama kwaya ya kanisa," Mugendi alisema. "Shika kamba tumalize."

"Feki nzuri huimba pia."

"Mzee, unaniogopesha bure."

Kiogora alitazama zile hatua mbili kati ya shina na ukuta. Akilini alimwona Mugendi amepiga magoti pale, msumeno umezima, na mti wa mita ishirini juu yake ukitafuta pa kwenda. Aliinua kamba. Akaiweka chini.

"Mimi sishiki."

"Ukiacha hiyo kamba, kesho Makutano yote itajua umekataa kazi yako mwenyewe."

"Waambie. Waambie na sababu."

Mugendi naye akageuka kuutazama ukuta wa jiko, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, na akauweka msumeno chini polepole.

"Mwalimu," akasema, "uko na shoka?"

Shoka lilichukua saa mbili na nusu. Kwa shoka Kiogora alikubali kushika kamba, maana shoka halina pistoni. Upepo ulifika kabla hawajamaliza. Kila ulipovuma, mdomo wa mti ulilia, Mugendi aliruka pembeni, na Kiogora aliegemea nyuma kwa uzito wake wote hadi kamba ikamchuna viganja. Saa saba na robo mkaratusi uliangukia shambani, ukavunja ua na mikahawa mitatu. Jiko lilibaki limesimama.

Mugendi alikaa chini akitweta. "Umenipotezea siku nzima, fundi," alisema. Kisha akauliza, "Na hizo zingine ulifungia watu, ni ngapi?"

Kiogora hakujua. Hakuwahi kuandika popote. Alijua sura, vijiji, na majina yaliyokuwa kwenye simu. Aliketi juu ya kisiki, akaanza na wa karibuni zaidi: Munyi wa Gachoka, aliyekuja kufungiwa pistoni Ijumaa na kusema ana kazi ya wiki nzima ya kukata miti kando ya madarasa ya shule. Alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, ikaita vilevile.

"Labda anakula," Regina alisema.

"Labda," Kiogora alijibu. Lakini alijua kwamba mwenye pawasoo inayonguruma mkononi hasikii simu, na kwamba saa hiyo injini ya Munyi, ikiwa inanguruma, ilikuwa imeshapata joto. Akapiga mara ya tatu.