Kiraka cha Bati Mdomoni mwa Ndege

Mjomba wangu wa Zinga alikuwa mhunzi, na mimi ndiye niliyevukuta mivukuto yake, vile viriba viwili vya ngozi ya mbuzi: mkono huu ukipanda, ule unashuka. Nikizubaa mkono mmoja, moto unalala upande, chuma kinaiva nusu, na mjomba ananitandika mgongoni kwa koleo. La moto? Hapana, la baridi, hakuwa mnyama. Mkewe ndiye aliyekuwa mnyama, ila hayo tuyaache.

Basi miaka ya hamsini, nimeshaota ndevu zamani, nikapata kibarua cha kutia petroli kwenye kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge, huko nyuma ya Kiwangwa. Ndege yenyewe ndogo, ya kumwagia nzige dawa. Mzungu anaendesha, na nyuma yake anakaa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kazi yake kufungulia dawa.

Siku moja jiwe likapasua wavu wa ule mdomo wa kuvutia hewa ya injini. Fundi mkuu, mtu wa kuja, suruali imepigwa pasi, akaziba nusu ya mdomo kwa kiraka cha bati. Injini ikawashwa. Inakohoa, inatulia, inakohoa. Wallahi, ule ulikuwa moto wa mjomba uliolala upande!

"Bwana fundi, hewa inaingia upande mmoja. Silinda nyingine zinashiba, nyingine zina njaa. Hapa chini inakohoa tu. Ikiinua pua itazimika."

"Umesoma wapi wewe?"

"Kwenye mivukuto."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nenda kafue majembe, babu wa viriba!"

Nikamwendea shemeji. "Shuka, shemeji, nakuomba."

"Nikishuka, kesho kiti hiki anakaa mwingine. Na wewe acha kutetemeka kama bibi harusi."

Ikapaa. Ilipoinua pua juu ya mkonge ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Kimya kile nakichukia mpaka leo. Mzungu alitoka na michubuko. Shemeji tulimchomoa kwenye miiba, mguu umevunjika pawili. Alichechemea mpaka anaingia kaburini.

Na fundi mkuu? Machela haijafika, keshakibandua kiraka chake na kukitupa kichakani. Kisha ananinyooshea kidole mbele ya watu: "Huyu katia petroli yenye maji!" Mimi! Mimi niliyeichuja kila asubuhi kwa mikono hii!

Nikaingia kichakani, nikakiokota kile kiraka, nikakikunja, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha chai cha fundi, ajue nimekiona. Koti langu la kazi nikaliacha msumarini. Nikashika njia ya Bagamoyo kwa miguu, na kiwanja kile sikukikanyaga tena.