Aliyekata Umeme wa Kipaimara

Saa moja asubuhi. Ukungu wa Mlima Meru bado umelalia paneli za sola, na Nashilu Laizer (34) anazipangusa umande kwa kanga kuukuu huku akisonya. Betri zimebaki asilimia thelathini na moja.

"Julai hii jua linatuonjesha tu," anasema. "Halafu mtu anataka kugandisha soda!"

Nashilu ni fundi wa gridi ndogo inayowashia taa kaya 64 za kitongoji cha Lemeiti, magharibi ya mlima, ambako nguzo za umeme mkubwa hazijafika. Walioijenga waliunganisha kila kitu kwenye swichi moja: betri zikishuka, giza kwa wote. Mwaka jana, baada ya mama mmoja kujifungua zahanati kwa mwanga wa tochi ya simu, Nashilu alizitenganisha laini. Sasa nyumba huzimwa kwanza. Zahanati, yenye friji ya chanjo, haizimwi.

Hilo ndilo lililomponza. Jumamosi iliyopita mwenyekiti wa kitongoji, Saning'o, alimfanyia bintiye sherehe ya kipaimara. Laini za nyumba zilipozimwa, akavuta waya hadi laini ya zahanati. Spika mbili, friji tatu, taa za rangi!

Muuguzi Anande akampigia Nashilu simu: friji ya chanjo imeanza kulia kengele ya hatari. Nashilu alifika keki ikikatwa. Akapanda ngazi na koleo lake, akakata waya.

"Binti, unaniaibisha mbele ya wageni!" Saning'o alifoka.

"Shikamoo, mwenyekiti," alimjibu kutoka juu. "Na watoto wa chanjo ni wageni wa nani?"

Sasa wazee wanamtaka ampelekee Saning'o majani mabichi mkononi, ishara ya kuomba msamaha. Asipokwenda kufikia Jumapili, kamati ya umeme, inayoongozwa na Saning'o huyohuyo, itamnyang'anya funguo za kibanda cha betri. Na mwenye funguo ndiye anayeamua nani alale gizani.

Baba mkwe wake, Mzee Ephraimu, amekuja kumbembeleza.

"Mwanangu, ni majani tu. Peleka, yaishe."

"Hayaishi, baba. Nikipeleka, nimekiri kosa. Kipaimara kijacho watavuta waya tena, nami nitakuwa sina mdomo."

Ana mchoro wa kuiunganisha gridi yao na mtambo mdogo wa umeme wa maji wa kitongoji jirani, ili jua likijificha, mto uwashe taa. "Nitaujenga," anasema, "waninyang'anye funguo, wasininyang'anye."

Mzee anainama, anang'oa majani mwenyewe, anamnyooshea.

Nashilu hayapokei.

"Wape ndama, baba. Mimi siombi radhi."