Sauti ya Kujifunzia

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na sauti mnayoichezea disko ni yake. Msinibishie. Mdogo wake wa tumbo moja, huyo mnayemwita Malkia, alijaliwa sura na kiuno, sauti alinyimwa. Siku ya kurekodi alimbembeleza Shangazi atangulie kuimba, ili yeye ajifunzie kwenye kanda.

"Nikishaushika wimbo, dada, tutaifuta."

Shangazi akaimba, akarudi kwenye cherehani yake. Kanda haikufutwa ng'o! Santuri ilitoka na sauti ileile, na jaladani sura ya Malkia. Tangu hapo Malkia hupanda jukwaani kuchezesha midomo tu, ndani ya magauni ya kumetameta. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe hushonwa na Shangazi.

Jana wimbo ule ulipigwa redioni tukiwa kazini. Shangazi akaufuata taratibu, huku akimpima mteja kiuno. Yule mama akaangua kicheko.

"Fundi, hebu mwachie mwenyewe aimbe."

Nilitaka kumrukia. Shangazi akanizuia kwa jicho, akabana pini midomoni, akainama kupinda gauni.