Maharage ya Msiba wa Edmund

Ukitaka kumkasirisha Yusta Kikoti, mwambie kwamba dini ndizo zinazogombanisha watu. Atakuuliza ni dini ipi uliyoiona ikitoka nyumbani asubuhi na kisu mkononi. Ukitaka kumkasirisha zaidi, mwambie dini hazina kosa lolote. Hapo ataacha hata kukoroga sufuria. Naitwa Kalista, jirani yake hapa Ilomba kwa miaka ishirini na mbili, na yote mawili nimewahi kumwambia.

Yusta ni Mhehe wa Kilolo, Mlutheri tangu tumboni, aliyeolewa na Mnyakyusa, Edmund, fundi wa reli. Kazi yake mtaani ni misiba. Mtu akifa, kabla hata turubai halijafungwa, anatumwa mtu kwenda kumwita Mama Violet, ndivyo tunavyomwita. Anafika na mwiko wake mrefu, anapanga mafiga, anaanza kutuamuru: wewe menya ndizi, wewe pepeta mchele, na wewe Kalista acha umbea. Tunanung'unika, tunatii.

Huko jikoni kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, na hata sisi tuliikuta. Ng'ombe wa msiba huchinjwa na Mwislamu, hata kama marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Si kwamba Mkristo hajui kuchinja. Ni kwamba jirani Mwislamu hawezi kula nyama iliyochinjwa na mwingine, na sisi tunaweza kula ya kwake, basi tunampisha, wote tule chungu kimoja. Mchinjaji wetu ni Mzee Twaha, fundi cherehani. Yeye na Edmund walikuwa chanda na pete tangu ujana wao.

Edmund aliugua miezi saba. Mzee Twaha ndiye aliyekuwa akimwinua kitandani, akimwogesha, akimnyoa ndevu. Mdogo wake Edmund, Gideoni, anakaa Mbalizi, si mbali hata kidogo. Alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni, akasema ana haraka.

Katika miezi hiyohiyo alipita mhubiri mgeni. Kanisa silitaji. Alisema Mkristo anayekula nyama iliyochinjwa na Mwislamu anakula sadaka ya mungu mwingine, nasi tukaitikia "Amina". Mimi nilipiga na makofi. Jioni nikapika nyama ya bucha ileile ya siku zote, anakochinja Mwislamu, bila kukumbuka neno, na hiyo ndiyo aibu yangu. Gideoni alikuwa amekaa benchi la mbele, na yeye hakusahau.

Edmund alifariki Jumanne. Alhamisi, siku ya maziko, Mzee Twaha na vijana wa msikitini walitoka alfajiri na majembe kwenda kuchimba kaburi, pamoja na vijana wetu. Tulikubaliana kwamba akirudi ndipo achinje. Yusta alikuwa mjane sasa, na mjane haendi jikoni. Anakaa ndani kwenye godoro, amejifunika khanga, anapewa pole. Mwiko wake alinikabidhi mimi.

Saa tatu asubuhi Gideoni alitokea nyuma ya nyumba na beseni la nyama, damu hadi viwikoni. Alikuwa amechinja mwenyewe.

"Haya, kina mama, kitoweo," alisema. "Kaka yangu ni Mkristo, atazikwa kwa kisu cha Kikristo."

Wenzangu walinitazama mimi, mwenye mwiko. Nilijua kabisa kwamba si sawa. Lakini ile Amina yangu ilikuwa bado mdomoni, na Gideoni ni mtu wa ukoo, mimi ni jirani tu. Nikapokea beseni. Nikaitia nyama sufuriani kwa mkono wangu mwenyewe.

Sijui nani alimwambia Yusta. Nilichoona ni mlango kufunguka na mjane kutoka, miguu mitupu, khanga kichwani, na shangazi wa Edmund akimvuta kwa nyuma.

"Nani kachinja?" aliuliza.

Nikainamisha kichwa. Akanipokonya mwiko.

"Epueni."

"Mama Violet, jamani, maji yameshachemka..."

"Kalista, epua! Gideoni, nyama yako ipeleke Mbalizi. Hapa hailiwi. Leteni maharage."

Shangazi alianza kulia upya, safari hii kwa hasira. "Mwanamume mzima azikwe kwa maharage? Unatutia aibu, mke wetu!"

"Aibu ni kumwambia aliyechimba kaburi la mume wangu akale kwake," Yusta alisema. "Ama tunakula wote, ama nyama haipo."

Habari hazikai. Kabla maharage hayajapimwa, vijana wa msikitini walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wenye hasira, wakisema wamedharauliwa. Mmoja ameokota jiwe. Upande wetu, wenzake Gideoni waliokuwa wakipasua kuni hawakuyaweka chini mashoka. Niliogopa. Nasema ukweli, nilianza kutafuta pa kukimbilia.

Yusta alichukua gunia la maharage, akalikokota hadi kati yao, akalimwaga kwenye turubai lililotandikwa chini. Akakaa kuchambua.

"Maharage hayakulowekwa," alisema, bila kumtazama mtu. "Jeneza linatoka saa nane. Mwenye jiwe alitupe, achambue. Wenye mashoka nao wachambue. Mkimaliza kuchambua, muuane."

Kisha Mzee Twaha akafika, udongo wa kaburi magotini, akapita katikati ya wale vijana wake, akakaa, akavuta ungo. Yule kijana wa jiwe akalitupa. Wa mashoka walichelewa kidogo, lakini nao walikaa. Nilikaa na mimi, nikichambua na kulia, maana asingetoka Yusta, ningeipika ile nyama.

Tulimzika Edmund, tukarudi, tukala maharage. Gideoni hakula. Hata siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, alikuwa amekaa peke yake chini ya ukuta, amenuna. Adhuhuri Yusta alimfuata na sahani. Nilikuwa nyuma yake na ndoo ya maji ya kunawa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shemeji, utakufa na wewe nikose wa kunisaidia. Kula."

"Umenivunjia heshima mbele za watu. Mimi nilifuata Neno."

"Neno lilikwambia umwache kaka yako miezi saba?"

Gideoni akasema, sauti imepungua, "Kila anayeingia anampa pole yule mzee. Mimi ndiye ndugu. Hakuna hata mmoja aliyenipa mimi pole."

"Basi sema hivyo," Yusta alisema. "Sema una wivu na una aibu. Yule mhubiri alikupa jina zuri la kuuita wivu wako, na kwa hilo ana dhambi, nitamwambia nikimwona. Lakini wivu ulikuwa nao kabla hajaja."

Yusta alichuchumaa mbele yake.

"Edmund alikuwa anauliza kila asubuhi, 'Gideoni amefika?' Mimi nilishindwa kumjibu. Twaha ndiye aliyekuwa akimwambia, 'Yuko njiani, gari limechelewa.' Kila asubuhi, shemeji. Mzee wa swala tano, miezi saba anasema uongo kwa ajili yako. Hakukunyang'anya nafasi yako. Alikuwa amekushikia."

Gideoni alilia hapo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Yusta alimwacha alie. Alipomaliza nikammiminia maji akanawa, akapokea sahani yake ya maharage, akasimama nayo muda mrefu akiangalia mkeka wa wanaume.

Mzee Twaha alikuwa pale, anakula. Alimwona. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, na Gideoni akaenda kukaa.