Maji ya Kwanza ya Kikwembe

Ukiwa mtu wa kutapika upesi, usisimame karibu na Dieudonnée anapotia kikwembe kipya majini. Mimi nauza vitunguu kando ya cherehani yake hapa sokoni Kasongo, sina pa kukimbilia. Ule mng'ao munaousifu ni amido tu, wanga wa kiwandani, inatoka inateleza kama makamasi. Halafu inafuata takataka ya njiani. Kitambaa kimefungwa siku tatu juu ya pikipiki, kimepita matope ya Wamaza na mvua, kimelaliana na bidoni ya esanse ya pikipiki na gunia la samaki wadogo, ndagala, na dereva amekikalia na jasho lake lote. Maji yanabaki kama ya bwawa la bata.

Dieudonnée alijifunza kushona kwa masista, na tangu hapo hajakata kitambaa kisichofuliwa. Analoweka, anafua mara mbili, anaanika kivulini, ndipo mkasi unatoka. Wenye maringo wakamsema: eti anawarudishia vikwembe vipya kama nguo za marehemu. Mmoja mmoja wakahamia kwa Hemedi, anayekata siku ile ile. Ilipokaribia ndoa ya kijana Ushindi, cherehani ya Dieudonnée ilikuwa inashinda kimya. Libaya kumi na mbili, blauzi za mashangazi wa bwana harusi, ndizo zingemrudishia jina.

Akaja Pélagie, mkubwa wa mashangazi hao, kitambaa kikiwa bado na etiketi ya dukani. Akaamuru kisiguswe na maji, ili upande wa bibi harusi waone ni kipya. Dieudonnée angenyamaza tu akate, nilimkonyeza hivyo. Yeye alichovya pembe moja ndani ya kikombe cha maji safi, akakamua, akamsogezea. Maji yakawa buluu, mafuta juu, gamba la samaki linaelea.

"Mama, kama iko safi, kunywa."

Pélagie aliziba pua. Unafikiri alielewa? Alikunja kitambaa chake kwa hasira, akakipeleka kwa Hemedi.

Siku ya ndoa nilikuwepo. Jua la saa sita, wamama kumi na wawili wanacheza, rangi inawashuka shingoni mpaka kwapani, harufu ya ndagala inafika kabla ya salamu yao. Wali wangu niliula nimewapa mgongo.

Wiki ya pili Pélagie akarudi na gunia. Walikuwa wamefua, na libaya zikasinyaa hata hazipiti mabega. Akaomba zipanuliwe. Dieudonnée aligeuza mshono mmoja: Hemedi hakuacha hata upana wa ukucha.

"Ya kupanua hakuna. Mulipaswa kufua, na mumefua. Ila mulianza na mkasi."

Pélagie akauliza sasa zinafaa nini. Akajibiwa zitawatosha wajukuu. Aliguna, akabeba gunia lake.

Hajafika mwisho wa soko, wawili kati ya mashangazi wale wale wakasimama mbele ya cherehani na vikwembe vingine mkononi, wanauliza vitakauka lini. Dieudonnée akawaonyesha njia ya kwenda kuchota maji.